Kurekebisha holsta ya ndani ya suruali: isikuume, na mkono ushike vizuri

Wateja wengi wanaokuja karakanani kwangu Nairobi na holsta ya ndani ya suruali, yaani ala ya kubebea bastola, huanza hivi: "Fundi, hii kitu inaniuma." Halafu wanataka nichukue msasa papo hapo. Sichukui. Plastiki ukishaikata hairudi, kwa hiyo natangulia na yale ninayoweza kuyarudisha yalivyokuwa, na kukata kunabaki mwisho kabisa. Fuata mpangilio huo hata kama una haraka.

Haya ni kwa mwenye leseni, na kwa holsta ngumu ya Kydex (aina ya plastiki), maana ndiyo ninayoletewa zaidi, nyingi zikiwa za bastola ya Glock 19. Ya ngozi nitaigusia baadaye.

Kabla ya kushika chombo chochote, toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma), tazama ndani ya chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Pembeni ya meza si chumba kingine. Ukiwa na bastola bandia ya plastiki yenye umbo lilelile, tumia hiyo. Hata ukiwa na haraka, haina cha kufyatua.

Hatua ya 1: Isome ngozi yako

Vaa holsta na bastola tupu kwa saa nzima hapo nyumbani. Kaa kitini, inama ufunge kamba za viatu, ingia garini utoke. Kisha vua shati usimame mbele ya kioo. Alama nyekundu zitakuambia ukweli kuliko unavyojisikia. Alama ikiwa chini, karibu na kinena au paja, ni ncha ya mtutu. Ikiwa juu ya mshipi, ni ukingo wa ile ngao inayotenganisha bastola na mwili. Mteja mmoja aliapa kwamba mpini ndio unaomchoma tumboni. Alipovua shati, tumbo lilikuwa safi, na chini kulikuwa na duara jekundu kama sarafu ya shilingi 20.

Hatua ya 2: Mshipi na klipu

Glock 19 iliyojaa risasi ina uzito wa karibu gramu 850. Mshipi mwembamba wa kwendea harusini hauwezi kubeba mzigo huo. Utapinda, holsta italala nje, na utailaumu bure. Tafuta mshipi wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, upana wa milimita 38. Kisha legeza skrubu za klipu inayoshika mshipi, pandisha au shusha tundu moja, ujaribu tena. Kwa wanaobeba nyongani, kuinamisha mpini mbele kidogo, kama digrii 15, huuzuia usichomoze nyuma ya shati.

Vitabu vya kigeni hutaja mahali pa kubebea kwa namba za uso wa saa: 12 ni kitovuni, 3 ni nyonga ya kulia. Usizigeuze ziwe saa zetu. Kuna aliyeniagiza kwa simu, "mimi nabeba saa nne." Nikapiga picha mshale mfupi kwenye 10, nikampangia klipu upande wa kushoto. Yeye alimaanisha namba 4, nyuma ya nyonga ya kulia.

Hatua ya 3: Kabari

Kwa anayebeba mbele, hapa ndipo penye nafuu kubwa, na watu wengi hawapajui. Watu hudhani holsta ikiwa nyembamba ndiyo itakuwa nzuri. Kumbe ncha ya mtutu inauma kwa sababu uzito wote unaangukia sehemu ndogo. Ukiweka kabari laini upande wa mwilini, chini kabisa, uzito unatawanyika. Tena mtutu unasukumwa nje kidogo, na sehemu ya juu ya bastola inalalia tumbo badala ya kutuna chini ya shati.

Mimi naikata kutoka kwenye soli ya patipati kuukuu. Ni laini, hainyonyi jasho, na kila nyumba ina moja iliyokatika kamba. Kata kipande cha upana wa holsta, urefu kama sentimita 6. Chini kiwe na unene wa milimita 15 hadi 20, halafu ukipunguze kwa kisu kikali hadi juu kiishe kabisa, kama ulimi. Lainisha kwa msasa, usiache kona. Usikigandishe kwa gundi! Kibandike kwa velkro ili ukisogeze milimita tano huku na kule, na ukivae siku tatu kabla ya kuamua. Ikibidi, punguza unene. Wenye tumbo kubwa mara nyingi huhitaji kabari nene zaidi, si nyembamba.

Mpini ukiendelea kuchomoza, kuna kipande cha plastiki kinachofungwa kwa skrubu karibu na kinga ya kifyatulio (ile pete inayokizunguka). Wengi tunakiita kucha. Kinasukuma mshipi, na mshipi unaurudisha mpini tumboni.

Hatua ya 4: Chaki kwenye vidole

Mshiko unakamilika bastola ikiwa bado ndani. Ukilazimika kurekebisha vidole baada ya kuchomoa, holsta ina kasoro. Paka chaki nyeupe kwenye kidole cha kati na dole gumba, shika mpini kama wa kufyatua, kisha achia. Kwenye plastiki nyeusi utaona palipoguswa: kwa kawaida ni chini ya kinga ya kifyatulio, ambapo kidole cha kati hukwama, na kwenye ngao, ambapo dole gumba hugonga. Kata hapo tu. Kwengine kuache kama kulivyo.

Hatua ya 5: Kukata

Vaa barakoa, vumbi la plastiki halifai mapafuni. Tumia tupa au kijimashine cha kusaga kwa mwendo wa polepole. Ukikimbiza, plastiki inayeyuka na kujikunja. Toa milimita moja, paka chaki tena, jaribu, toa nyingine. Ngao usiishushe sana, la sivyo slaidi itakuchuna mbavu. Malizia kingo kwa msasa namba 220, 400, kisha 600.

Kinga ya kifyatulio lazima ibaki imefunikwa yote, pande zote mbili. Holsta yangu ya kwanza niliikata hadi kidole cha shahada kikakigusa kifyatulio bastola ikiwa ndani. Niliivunja kwa nyundo mtu asije akaiokota jalalani.

Holsta ya ngozi usiilainishe kwa mafuta ili istarehe. Mdomo ukilegea, mkunjo unaweza kuingia kwenye kifyatulio unaporudisha bastola, na watu wamejipiga risasi hivyo. Paka nta ya nyuki kwenye kingo, basi. Ikishalegea, itupe. Usiku usiiache bastola ndani yake, hasa ukiwa Mombasa, maana ngozi hushika jasho na chuma kitashika kutu.

Majaribio

Bastola ikiwa tupu, ipindue holsta juu ya godoro uitikise, isidondoke. Bonyeza plastiki kwa dole gumba penye kifyatulio, kisisogee. Kisha chomoa mara 20 ukiwa na shati unalovaa kila siku. Kurudisha fanya polepole ukitazama, shati ukiwa umelivuta pembeni.

Wiki ya kwanza kagua skrubu kila jioni. Ikilegea, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu. Ile nyekundu haifunguki bila moto, na moto utaiharibu plastiki uliyoihangaikia siku nzima.