Unasoma Historia, uchanganye na nini? Someni hapa kabla ya kunifuata inboksi

Kila vyuo vikifunguliwa swali ni lile lile: "Mkuu, nimepata Historia, nichukue na somo gani?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja.

1. Jua uko programu gani. Wa ualimu ana masomo mawili ya kufundishia, na kwa kawaida yawe uliyofaulu kidato cha sita, kwa hiyo mtu wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) asiniulize habari za Kiswahili. Wengine mnacheza na kozi za hiari.

2. Chukua prospektasi (kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi) ya mwaka wako, siyo ya dada yako.

3. Usianze na ajira, anza na makaratasi. Historia unayoipenda imeandikwa kwa lugha gani, au imebaki kwenye vitu gani? Ukitaka enzi ya Mjerumani, mafaili yake yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Bila Kijerumani utayatazama tu kama picha. Ukitaka Kilwa kabla ya Mreno, utasoma vigae na sarafu, basi nenda Akiolojia. Zanzibar inadai Kiarabu. Biashara na kodi zinadai Uchumi au Takwimu.

4. RATIBA. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa pili nilijaza Takwimu, mfumo ukapokea, nikajua yameisha. Wiki ya tatu semina zikapangwa: Takwimu Jumanne saa nne, Historia ya lazima Jumanne saa nne. Nikajifanya mjanja, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Mitihani ilipotoka nina sapu ya Takwimu, yaani mtihani wa marudio. Sapu nayo nikaangukia pua, nikakeri, yaani kozi nikaibeba kwenda mwaka unaofuata, na mwaka wa tatu ile kozi ikanikuta katikati ya utafiti wangu. Kwa hiyo chapisha ratiba zote mbili, za mihadhara NA za semina, uzipige mistari kwa kalamu. Angalia kama kozi ina nyingine inayotangulia. Kujua tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi ni kazi yako, hakuna atakayekukumbusha. Na mfumo kupokea siyo kuidhinishwa, mfuate mshauri wako.

5. Sajili, tunza nakala.

MASWALI

Kijana wa Mtwara: Mkuu, kwa kifupi, lipi lina ajira?
— Hatua ya 3, sentensi ya kwanza.
Kijana wa Mtwara: Nimeona ila uzi mrefu.
— Historia nayo ni ndefu. Fikiria upya.

Binti Pangani: Shikamoo kaka. Niko ualimu, nilisoma HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza). Kiswahili au Kiingereza?
— Marahaba mdogo wangu. Kiswahili. Mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, na inafundishwa kwa Kiswahili. Sisi tuliosomeshwa historia ya sekondari kwa Kiingereza tunasimama mbele ya darasa tunatafuta neno. Wewe utakuwa nalo mdomoni. Ukipata nafasi jifunze na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, maana barua nyingi za zamani za pwani ziliandikwa hivyo.

Mzee wa Sapu: Unaponda Takwimu kwa sababu ulifeli.
— Nilifeli ratiba, siyo hesabu. Nilipoirudia nilipata B. Na nimeipendekeza hapo juu, hukuiona?

Nyota Njema: Kijerumani nakitaka, ila nimesikia mwandiko wao wa zamani hausomeki.
— Unasomeka, taratibu. Herufi yao ya "e" inafanana na "n", hapo ndipo wengi hukwama. Fanya hivi: chukua jina unalolijua, kama Songea, uliandike kwa herufi zao, kisha uliwinde kwenye ukurasa. Ukilipata umeshapata herufi sita. Mimi niliwahi kukaa siku nzima na ukurasa mmoja, nikaambulia jina la jumbe na idadi ya ng'ombe. Jioni nilitembea kwa miguu mpaka kituoni nikicheka peke yangu. Na mafaili mengine yamepigwa taipu, anza na hayo.

Bi Karatasi: Niongezee: mkienda kusoma nyaraka bebeni penseli. Wino haupendwi karibu na karatasi kuukuu.
— Kweli, dada. Na kichongeo, usije ukaazima cha mhudumu mara tano kama mimi.