Mtoto ana homa: chukua mkojo kabla ya antibaiotiki

Mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye UTI (maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo) hawezi kukwambia kwamba mkojo unamchoma. Mara nyingi dalili ni homa tu, pengine na kutapika au kukataa ziwa. Homa ya nyuzi 38 na zaidi isiyo na chanzo cha wazi ipimiwe mkojo, hata kama kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya. Kipimo hicho huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona.

Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, ikiwa ana umri wa chini ya miezi 3, amelegea, anatapika kila kitu, amepata degedege, hanyonyi, au pampasi imekaa kavu saa nyingi. Kwa mtoto mchanga bakteria hupanda upesi kwenye figo na kuingia kwenye damu. Akiwa na hali mbaya hivyo, sindano ya dawa isicheleweshwe kwa kungojea mkojo.

Asiye na dalili hizo atolewe mkojo kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dozi moja tu inaweza kuwaua bakteria wa kwenye sampuli na majibu yakatoka safi kwa uongo. Mnyonyeshe kwanza. Msafishe kwa maji na sabuni ya kawaida, msichana kutoka mbele kwenda nyuma, kisha suuza vizuri. Usitie dawa ya kuua vijidudu, na govi la mvulana lisivutwe kwa nguvu. Sugua taratibu chini ya kitovu, juu ya kibofu, kwa pamba iliyolowa maji baridi, hadi dakika 5. Kopo safi la maabara liwe wazi mkononi: wengi hukojoa ghafla na mkojo ukamwagika. Mililita 10 zinatosha.

Mkojo uliokamuliwa kwenye pampasi au kumiminwa kutoka kwenye poti haufai kuoteshwa, yaani kukuzwa bakteria wake maabara. Wa mfuko wa kubandika huchanganyika na bakteria wa ngozi: ukitoka safi unasaidia, ukitoka na bakteria urudiwe kwa njia safi. Fikisha sampuli maabara ndani ya saa 1, la sivyo iwekwe kwenye friji.

Wahudumu wengi huteleza kwenye nitraiti, kemikali inayotokana na bakteria ambayo kijiti cha kupima mkojo huionyesha. Bakteria huhitaji kama saa 4 kibofuni kuitengeneza, na mtoto mchanga hukojoa kila mara. Nitraiti hasi haiondoi UTI. Angalia seli nyeupe za damu kwenye mkojo, na omba mkojo uoteshwe.

Kushusha homa, mtoto wa kilo 8 hupewa paracetamol miligramu 120, yaani mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Antibaiotiki kwa kawaida ni siku 7 hadi 10, na zimalizwe zote. Homa ikiendelea baada ya saa 48 za dawa, mrudishe: huenda bakteria ni sugu, au mkojo umeziba njiani na figo zinahitaji altrasaundi.