Kofia ya felti kabla Juni haijafika: namna tunavyoikanda mtaani Katuba, Lubumbashi

Mgeni anayekuja Lubumbashi akidhani Kongo nzima ni joto, mwezi wa sita humuumbua. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mlinzi aliyekesha getini, mama anayeuza chai na mkate kabla jua halijatoka, dereva wa pikipiki anayewahi abiria Ruashi, wote hutafuta kitu cha kufunika masikio. Zile kofia za nyuzi za plastiki zinapitisha upepo. Mimi ninawakandia za felti: sufu ya kondoo, maji ya moto na sabuni, basi. Haifumwi, haishonwi.

Kwanza sufu yenyewe. Usihangaike na kondoo wa jirani, hawa wetu wengi wana nywele fupi ngumu ambazo utazisugua mpaka jioni zisishikane. Tunayotumia ni sufu ya merino iliyokwisha kuoshwa na kuchanwa, ya Afrika Kusini, inayopandia Zambia mpaka mpakani Kasumbalesa pamoja na mizigo mingine. Ukinunua sokoni kwa mtu usiyemjua, chomoa nyuzi chache uziwashe kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika kati ya vidole. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni plastiki, mrudishie mwenyewe. Kuna na sufu halali iliyotiwa dawa kiwandani ili isinywee ikifuliwa kwa mashine. Hiyo moto hauitambui, inapita jaribio la kiberiti vizuri kabisa kisha inakugomea kwenye maji.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu yeyote hagusi kofia kabla ya kukanda kipande cha majaribio. Tandaza sufu kidogo, mraba wa sentimita 20 kwa 20, uikande mpaka ikatae kunywea zaidi, halafu pima upya. Tuseme imebaki 14. Gawanya 20 kwa 14 unapata 1.4 na ushee. Hiyo namba iandike ukutani, kwa sababu kofia nzima inatoka humo. Kichwa chenye mzunguko wa sentimita 57 ukizidisha kwa 1.4 kinakuwa 80, na kwa kuwa kofia ina mbele na nyuma, kipande cha kuigia, yaani plastiki utakayoizungushia sufu, kitakuwa na upana wa 40. Kimo cha kofia inayofika masikioni ni 22, kwa hiyo kata 31. Watu wanaona kazi kubwa kama ngoma inaibuka mezani, wanaogopa, wanapunguza. Usipunguze. Kofia iliyonywea chini ya kichwa hairudi, bali iliyo kubwa bado unaweza kuikanda tena.

Kipande hicho cha kuigia kikate kwenye plastiki nene laini, ile ya kutandika mezani inafaa sana, juu mviringo, chini mstari ulionyooka. Pima gramu 70 za sufu, uzigawe mafungu manne yaliyo sawa. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, ila usikadirie kwa macho, maana sufu inadanganya.

Kuvuta sufu kuna mkono wake. Shika fungu kwa mkono wa kushoto ukiwa umelegeza, mkono wa kulia ubane ncha kwa vidole na kiganja, uvute taratibu. Kinachotoka kiwe chembamba kiasi kwamba ukikiweka juu ya gazeti unasoma maandishi. Ukikaza mkono wa kushoto, sufu haitoki hata ukivuta kwa hasira. Panga vipande kimoja kikilalia kingine kama bati za paa, vyote vikielekea juu na chini, vikizidi ukingo wa plastiki kwa vidole viwili juu na pembeni. Chini pasizidi, ndipo kichwa kitakapoingilia. Fungu la pili lipange juu ya la kwanza kwa kukingama. Funika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nyunyizia maji ya moto yenye sabuni, kandamiza kwa viganja mpaka hewa yote itoke. Ondoa chandarua, geuza, kunja zile nyuzi zilizozidi zilale bila mikunjo, kisha upande wa pili ufanye vilevile kwa mafungu mawili yaliyobaki.

Sabuni ni mche wa kawaida wa kufulia, uliokwanguliwa kwa kisu na kuyeyushwa. Maji yawe ya moto kiasi mkono unachoweza kuvumilia. Birika likae muda wote juu ya mbabula, jiko letu la makaa, usitegemee umeme. Unyuzi wa sufu una magamba madogo: joto na sabuni vinayafungua, msuguano unayanasisha. Zamani viwanda vya Ulaya na Marekani, vilivyotumia manyoya ya sungura na ya biva, mnyama wa mtoni, viliyatia zebaki ili yashikane upesi. Mafundi wakaanza kutetemeka na kuchanganyikiwa akili, na Marekani haikuiacha hiyo dawa hadi 1941. Sufu ya kondoo haihitaji sumu yoyote, inahitaji subira ya dakika kumi za mwanzo.

Hizo dakika kumi unapapasa tu, juu ya chandarua, kwa miduara midogo, kama hutaki kuiamsha. Mwenye nguvu akianza kwa nguvu anazisogeza nyuzi, anapata matundu. Bana ngozi ya juu kwa vidole uinyanyue: ikiinuka nzima bila nyuzi kujitenga, sasa sugua kweli, na usisahau kingo. Kwenye kingo za plastiki hujitokeza mbavu, mstari mgumu unaozunguka kofia, nao ukikauka hautoki. Dawa yake ni kuchomoa plastiki mapema kidogo, kuzungusha kofia robo hadi ile kingo ije katikati, kurudisha plastiki na kupalainisha kwa kiganja. Plastiki ikianza kujikunja yenyewe ndani, ujue sufu imekaza. Itoe.

Sasa viringisha kofia ndani ya mkeka, uusukume mbele na nyuma kwa mikono mpaka kwenye viwiko. Inanywea kwa upande unaoviringisha: ukitaka kupunguza kimo, anzia kileleni kwenda chini, ukitaka kupunguza upana, anzia ubavuni. Kila baada ya mizunguko hamsini geuza, na pima. Mwishoni ichovye kwenye maji ya moto, ikamue, ibamize mezani, tena na tena. Majirani watauliza kuna nini. Simama ikifika 57.

Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, kisha iloweke dakika chache kwenye maji yenye siki, kijiko kikubwa kimoja kwa lita, maana sabuni ikibaki inaila sufu polepole. Kamua ndani ya taulo. Kalibu ya mbao ya kuipa kofia umbo ni ghali. Chukua sufuria ya kipenyo cha sentimita 16, uipindue, uifunge mfuko wa plastiki, na mbele na nyuma uweke kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu kichwa si duara. Vuta kofia juu yake, lainisha kwa mvuke wa birika, punguza ukingo kwa mkasi mkali. Ikaushe kivulini, chini ya khanga nyepesi, la sivyo vumbi letu jekundu litaipaka rangi usiyoiomba. Kiangazi chetu kikavu, kesho yake imekauka. Ndani shona utepe wa pamba wa kipimo cha kichwa, usije ukingo ukalegea.

Wenye ndugu Brussels huniagizia za Januari. Kwa baridi ile, ambayo usiku mwingine hushuka chini ya sifuri, ninatumia gramu 100, na ukingo ninaurefusha ukunjwe mara mbili juu ya masikio. Kila mteja ninamwambia jambo moja: ioshwe kwa maji baridi, bila kusuguliwa. Akiitia kwenye mashine ya moto, itamfaa mtoto wake.