Somo: Kuchagua kris ya Wamoro kabla hujatoa hela

Somo hili ni la anayetafuta silaha yake ya kwanza ya Wamoro, Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu, kusini mwa Ufilipino. Nitakaa zaidi kwenye kris, upanga wao, maana wengi huanza nayo.

1. Tofautisha aina. Kris ina makali pande mbili, iwe imenyooka au ina mawimbi. Barong ya Watausug na Wayakan ni fupi, nene, umbo la jani, makali upande mmoja. Kampilan ni ndefu, bapa lake hupanuka kuelekea nchani. Gunong ni kisu kidogo cha kiunoni.

2. Kagua gangya. Hapa ndipo pesa yako inapookoka au kupotea. Gangya ni kile chuma kipana kilicho kwenye shina la bapa, karibu na mpini. Kris za zamani zina gangya ya kipande cha peke yake, kilichobanwa kwenye bapa, kwa hiyo kiungo huzunguka hadi ukingoni. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1930, wahunzi wengi walichora mstari tu juu ya chuma kimoja. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, ufuate mstari mpaka mwisho wake. Wa kuchorwa si kosa, wala si ughushi. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya kris ya karne ya 19.

3. Pima unene. Bapa la kazi ni nene shinani na hupungua polepole kuelekea nchani. Ukikuta unene ni uleule mwanzo mwisho, hilo ni pambo la watalii, hata mpini ukiwa umejaa lulumizi.

4. Uliza imetoka wapi. Nyingi ziko Marekani kwa sababu askari wake walizibeba kutoka vita vyao na Wamoro. Kwenye milima ya Bud Dajo mwaka 1906 na Bud Bagsak mwaka 1913, huko Sulu, waliuawa Wamoro mamia kwa mamia. Muuzaji anayejisifia damu kwenye chuma, mimi humpita. Mafundi wa Tugaya, kando ya ziwa Lanao, wangali wanafanya kazi. Kipya cha mkono nacho kina heshima yake.

Maswali ya wanachama

*Nipo Mombasa. Nimepata yenye kichwa cha mpini cha pembe ya ndovu. Nichukue?*
Iache. Biashara ya pembe ni kosa la jinai Kenya, na mpakani utanyang'anywa. Tafuta ya mbao.

*Mpini unacheza. Nitie gundi?*
Hapana, ndugu yangu. Mara nyingi hushikwa kwa ulimbo wa miti, mfano wa sandarusi yetu. Gundi ya dukani haitoki tena bila kuvunja kitu. Mpe fundi anayejua.

*Kutu je?*
Mafuta ya cherehani na kitambaa, taratibu. Msasa na mashine ya kunolea marufuku. Vitafuta mistari ya chuma kilichokunjwa.

*Mawimbi mengi ndiyo bei kubwa?*
Muuzaji atakwambia hivyo. Zilizonyooka nazo zilikwenda vitani, na nyingine zina mawimbi nusu tu. Rudi hatua ya pili.