Kupanga yuniti ya chuo kila mwanafunzi aweze kuifuata, kabla hajaja kukuomba

Hii ni ya walimu wenzangu wa vyuo hapa Mombasa, hasa nyinyi mlopewa yuniti mpya juzi, semista iko mlangoni na mnataka kuchukua slaidi za alofundisha kabla yenu mbadilishe jina na tarehe basi. Ngojeni kwanza. Kwenye darasa hilo atakuwepo mtu asiyeona vizuri, atakuwepo anayepiga shifti ya usiku bandarini, atakuwepo anayesikia sikio moja tu, atakuwepo mama ana mtoto mchanga nyumbani, na wengi wao hawatakwambia. Barua ya daktari atakuletea mmoja, tena wiki ya mitihani. Ukisubiri mtu aje aombe ndo uanze kurekebisha, wewe unachoka na yeye anaona aibu, na yule wa kimya kapotea kitambo.

Anza na lengo. Andika kwa sentensi moja tu, ukimaliza semista mwanafunzi awe anaweza kufanya nini, alafu pitia kila kitu unachowafanyisha ujiulize hiki ni sehemu ya lengo ama ni mazoea tu. Chukua mfano takwimu kwa watu wa utalii. Lengo ni mtu apewe data ya wageni wa hoteli aseme msimu unaendaje na kwa nini. Sasa kunakili kutoka ubaoni mbio mbio ni lengo? Kuchora grafu kwa rula ni lengo? Kusimama mbele ya watu mia uongee? Kama si lengo basi hapo pana kizuizi umekiweka mwenyewe, na unaweza kukitoa bila kushusha kiwango hata kidogo. Na kama ni lengo kweli, liache pale pale usione haya. Mwanafunzi wa uuguzi lazima ajue kupima presha, hapo hakuna mjadala, ila kama ni lazima aisikie kwa masikio yake ama anaweza kuisoma kwenye mashine ya dijitali, hilo ndo swali la kukaa nalo.

Kuna shirika la Marekani linaitwa CAST, wako na mambo haya tangu 1984, wao wameyagawa mafungu matatu: mpe mtu sababu ya kushikilia somo, mfikishie somo kwa njia zaidi ya moja, na mwachie njia zaidi ya moja ya kuonyesha amelijua. Mwongozo wao waliutoa upya 2024 na uko bure mtandaoni. Ushauri wangu usiusome wote kwa mpigo, utachoka uuache. Anza na notsi, kwa sababu huko ndo watu wengi wanaumia na huko ndo marekebisho ni rahisi.

Chukua ile PDF unayotuma kila mwaka. Ifungue, jaribu kuchagua neno moja. Likikataa, yani ukurasa mzima unashikika kama kitu kimoja, basi hiyo ni picha ya karatasi iliyoskaniwa. Mwanafunzi asiyeona akiifungua na kisoma skrini, yani programu inayomsomea maandishi kwa sauti, kimya. Kurasa 40 za kimya. Na hata anayeona hawezi kutafuta neno ndani yake, akikuza herufi kwenye simu inabidi asukume ukurasa kulia kushoto kila mstari, na faili lenyewe zito linamla bando. Maandishi yale yale kwenye Word mara nyingi hayafiki hata MB moja. Ndo nawaambia wale wanaosema mambo ya ulemavu ni gharama: hapo umemsaidia asiyeona na papo hapo umemsaidia yule wa Likoni anayenunua bando ya jioni moja tu. Kama faili la asili limepotea, iweke PDF kwenye Google Drive uifungue kwa Google Docs, itajaribu kuyasoma maandishi, alafu lazima ukae chini uyapitie maana majedwali na namba huvurugika vibaya.

Ukishakuwa kwenye Word, kichwa cha mada usikifanye kwa kukoza wino na kuongeza ukubwa. Tumia mitindo ya vichwa iliyo pale juu, Heading 1, Heading 2. Kwa macho utaona ni mamoja, lakini kisoma skrini kinavitambua. NVDA kwa mfano, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 2006, mtu akiwa kwenye ukurasa wa wavuti kama wa Moodle, ule mtandao wa chuo wa kuwekea notsi na kazi, anabonyeza herufi H anaruka kichwa mpaka kichwa, akitaka mada ya tatu anafika. Bila vichwa anasikiliza kuanzia jina la chuo, jina la idara, namba ya yuniti, mpaka chini, kila akifungua.

Picha na grafu ziandikie maelezo. Bofya kulia juu ya picha, chagua alt text, andika kinachofunza si jina la kitu. Usiandike "grafu". Andika "grafu ya mistari, wageni wa hoteli kwa mwezi, chini kabisa Mei, juu kabisa Desemba". Picha ya pambo isiyo na kazi iambie Word ni pambo ama itoe kabisa, mara nyingi kuitoa ndo bora. Na rangi isibebe maana peke yake, usiseme "mstari mwekundu unashuka wa kijani unapanda" kuna watu wanaona yote sawa, andika jina kwenye mstari wenyewe. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya wavuti ufikiwe na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma, kuna vikokotoo vya bure vya kupima. Ila sisi hapa tuna jambo letu la ziada: joto, madirisha wazi, jua linaingia lote na projekta inamezwa. Njano juu ya nyeupe hapo hata mwenye macho ya tai haoni. Mwanafunzi mwenye ualbino ndo usiseme, mwanga ule unamuumiza na ubao haufikii, kwa hivo mtumie slaidi siku moja kabla azifungue kwa simu yake akuze anavyotaka. Watumie wote, usimtenge.

WhatsApp najua ndo darasa la pili. Voisi ya dakika nne saa tatu usiku kubadilisha chumba, kiziwi ataipataje? Andika mistari miwili chini yake. Picha ya ubao vilevile, taja kilichoandikwa. Ukirekodi video ukaiweka YouTube, manukuu yanayojitengeneza yenyewe yapitie kabla ya kuyaamini, sababu ukichanganya Kiswahili na Kiingereza vile tunavyoongea yanaandika vioja. Na weka maandishi ya somo pembeni, maana si kila mtu ana bando ya kufungua video.

Darasani kwenyewe ni mambo ya mwili zaidi. Feni zetu zina kelele, na jenereta ikiwashwa nje ndo basi, aliyekaa nyuma anashika neno moja katika matatu. Tumia maikrofoni ikiwepo, na usiseme "mimi sauti yangu inafika" kwa sababu asiyesikia hawezi kukujibu swali ambalo hakulisikia. Usiongee ukiwa umeutazama ubao, kuna mtu anasoma midomo. Mtu akiuliza swali kutoka mbele, lirudie ndo ujibu. Ukiwa na mkalimani wa lugha ya ishara mpe notsi na orodha ya maneno ya kitaalamu siku kadhaa mapema, ongea ukimtazama mwanafunzi si mkalimani, na ukiweka jedwali jipya kaa kimya kidogo, sababu mtu hawezi kutazama mikono na jedwali kwa wakati mmoja.

Chumba kiombe mapema kabla ratiba haijatoka. Kama lifti haifanyi kazi, na unajua zetu, darasa la ghorofa ya tatu ni mlango uliofungwa kwa mtu wa kiti cha magurudumu. Wakikuzungusha idarani watajie Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwenye taasisi za elimu na kufikia sehemu zote na habari kwa njia inayofaa. Taja kwa upole tu. Huwa inafanya kazi kuliko kulalama.

Ratiba pia ni muundo wa kozi, watu husahau. Ijumaa usiweke CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya semista, kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, watu wako kwenye swala. Mwezi wa Ramadhani darasa la jioni likivuka magharibi watu hawajafuturu, lisogeze ama lifupishe. Wasabato Jumamosi hawapo, na Sabato yao inaanza Ijumaa jua likitua, kwa hivo usiwaambie wafanye CAT Jumamosi asubuhi ndo useme hawakuja. Anayetoka Likoni anategemea feri, na feri ina mambo yake, ukifunga mlango saa mbili na dakika tano asubuhi utakuwa unapima foleni si takwimu. Na ile dedilaini ya usiku wa manane kwenye Moodle mimi siipendi kabisa: saiba zimefungwa, tokeni ya umeme imeisha, na wewe umelala huwezi kumjibu mtu mtandao ukigoma. Weka saa nane mchana siku ya kazi. Ongeza siku mbili za neema kwa kila mtu bila kuuliza sababu. Huku Pwani wako wanafunzi wenye seli mundu, maumivu yakimshika hayapigi hodi, na hana haja ya kukuandikia historia ya ugonjwa wake ili apate siku mbili.

Kuwauliza, uliza, ila si kwa kunyoosha mikono. Tengeneza fomu fupi wiki ya kwanza, ya hiari, swali liwe "kuna kitu chochote kwenye mpango huu kitakachokuzuia kuufuata?" na nafasi ya kuandika atakalo, kwa Kiswahili ama Kiingereza. Majibu yasiende kwa klasirepu wala kwa grupu.

Ziara za nje zinahitaji kichwa zaidi. Tuseme ni historia mnaenda Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593 na nia yao ilikuwa kuzuia watu wasiingie, kwa hivo usitegemee ikupokee. Nenda mwenyewe kabla, tembea ukitazama wapi pana ngazi, wapi mawe hayako sawa, wapi pana kivuli cha kukaa. Alafu kaa na mwanafunzi husika mpange naye njia, yeye anajua mwili wake kuliko wewe. Pengine kundi lote lifanye kazi sehemu ya chini iliyo tambarare, na zile za juu mzitazame wote kwa picha na maelezo. Kitu ambacho sikubali ni kumwambia abaki maktaba aandike muhtasari. Wenzake wanakumbuka ziara hiyo mpaka wanazeeka, yeye anakumbuka maktaba.

Kwenye kupima sasa, rudi kwa ile sentensi yako ya mwanzo. Kwa takwimu ya utalii unaweza kuwaacha wachague: ripoti ya kurasa tatu, ama rekodi ya sauti ya dakika nane, ama slaidi zenye maelezo, na vigezo vya alama ni vile vile kwa zote, umesoma data sawa, umetoa sababu, umetaja mapungufu. Vigezo vitoe pamoja na kazi, si baada. Mwenye kigugumizi ataandika, mwenye disleksia, yani anayetatizika kusoma na kuandika, huenda akaongea, na wala hujampendelea mtu. Maswali yatoe kwa mifano wanayoijua, hoteli, makontena, bei ya samaki Kongowea, si theluji. Kama kasi si lengo, andika CAT ya saa moja uwape wote saa moja na nusu, itapunguza maombi ya muda wa ziada.

Mtihani mkuu uko chini ya ofisi ya mitihani, kwa hivo mambo ya breli, herufi kubwa, mtu wa kumwandikia mwanafunzi majibu ama chumba tulivu uwaambie mwanzo wa semista, si wiki mbili kabla. Grafu za karatasi ya breli zinahitaji mtu wa kuzichora zipapasike ama uzigeuze ziwe jedwali, na hiyo kazi ni yako wewe unayejua swali linataka nini, usimwachie mchapishaji. Herufi kubwa nayo ni kuandika upya kwa ukubwa wa 18 kwenda juu. Kuweka karatasi kwenye mashine ya kopi uikuze iwe A3 hakusaidii, inamjaa mezani na jedwali linakatika ukingoni.