Kujaza jiko upya: vyombo vichache unavyovitumia kila siku

Mwezi uliopita niliketi sakafuni jikoni kwa mpwa wangu anayeishi Tabata, tukahesabu. Hotipoti saba. Glasi dazeni nne, nyingine bado zimo kwenye boksi tangu siku ya kichenipati. Seti mbili za vikombe vya chai. Kisu kimoja, mpini wake umefungwa kwa raba. Sufuria tano, na hakuna hata moja iliyotulia juu ya jiko lake jipya la gesi. Wageni arobaini angeweza kuwaandalia meza, lakini kupika maharage ya watu wanne kulikuwa kunamtesa kila siku.

Nimepika Dar es Salaam kwa miaka 19, majumbani na kwenye shughuli, na jiko la namna hii nalikuta mara nyingi. Siku hizi linaongezewa na jambo jingine: watu wanahama kutoka mkaa kwenda gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Wengi wananunua mtungi na jiko, wanasahau kwamba sufuria zilizozoea mkaa hazielewani na gesi. Haya ndiyo tuliyoyafanya kwa mpwa wangu, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Toa vyote nje

Usiende dukani kabla hujatoa vyote kabatini. Panga kila kitu sakafuni, kisha geuka kwenye sufuria moja moja. Iweke mahali pa tambarare, iguse ukingoni kwa kidole. Ikiyumba, kitako kimevimba. Juu ya mkaa hilo halikusumbui sana, kwa sababu moto umetapakaa chini yote. Juu ya gesi, sufuria inayumba unapokoroga, na chakula kinaungua sehemu moja huku kwingine kikiwa kibichi.

Fanya mafungu matatu: vinavyobaki, vinavyohitaji fundi, na vinavyoondoka. Mfuniko uliopoteza kishikio chake unaenda kwa fundi, ni kazi ya skrubu moja. Kikaango kilichobanduka utando kinaondoka, hata kama kilikuwa cha bei.

Hatua ya 2: Andika mlichokula siku saba zilizopita

Andika mlichokula kweli, vile vya kwenye simu unavyotamani kuvipika viache kwanza. Kwa mpwa wangu ilitoka hivi: ugali mara nne, wali wa nazi mara tatu, maharage mara mbili, samaki wa kukaanga, mchicha, nyama ya mchuzi mara moja, chapati Jumapili, chai kila asubuhi. Karatasi hiyo ndiyo orodha ya manunuzi. Keki haimo, basi trei ya keki haimo. Nazi imo mara tatu, basi mbuzi ya kukunia nazi na chujio zuri vimo.

Hatua ya 3: Sufuria tatu

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Seti ya sufuria saba zinazoingiana inavutia machoni, lakini mbili za mwisho ni ndogo hata mayai manne yanabanana, na zote huwa nyembamba. Kwa familia ya watu wanne hadi sita zinatosha tatu. Ya kwanza upana wa sentimita 20 hivi, inabeba karibu lita 3, ya mboga na uji. Ya pili sentimita 24 na kina cha 12, lita 5 na kidogo, ya wali na ugali. Ya tatu sentimita 28, lita 8 na zaidi, ya maharage, supu na siku ya wageni. Ukubwa wa ya pili nimeupata kwa kupika: mchele ukiiva unafika karibu mara tatu ya ujazo wake, na kilo moja lazima ipate nafasi ya kupumua. Kama muuzaji hajui lita, nenda na chupa tupu ya lita moja na nusu, mwombe maji, jaza. Chupa tatu na nusu zikiingia, hiyo ndiyo sufuria yako ya wali.

Sasa unene. Shika sufuria kwa mikono miwili, weka vidole gumba katikati ya kitako, bonyeza. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, irudishe rafuni. Pitisha kidole ukingoni: ukingo uliokunjwa vizuri haukati na haupindi unapoishika kwa kitambaa. Jaribu mfuniko hapohapo. Uzungushe. Ukikwama upande mmoja au ukiacha mwanya, mvuke wa wali wako utatokea hapo.

Kuhusu madini. Alumini hupitisha moto haraka na ni nyepesi, ndiyo maana imetawala jikoni kwetu. Udhaifu wake ni uchachu. Ukwaju, ndimu na nyanya vikikaa ndani yake muda mrefu huilamba, na mchuzi unapata rangi ya kijivu na ladha ya chuma. Pika, kisha hamisha. Usilaze mchuzi wa nyanya kwenye alumini hadi asubuhi. Stenlesi, yaani chuma cha pua, haiogopi ndimu, lakini peke yake hupitisha moto vibaya na chakula hushika katikati. Ukinunua stenlesi, tafuta yenye kitako kinene cha tabaka, utaliona kama sahani iliyogandishwa chini. Anayefikiria jiko la umeme la sumaku aende dukani na kisumaku kidogo: kikinasa kwenye kitako, sufuria itafaa.

Kuna sufuria nyingine nzito za kusubu, zinazoyeyushwa mitaani kutokana na vyuma chakavu. Zinapendeza kwa uzito na wali wake hauungui ovyo, nami nilizitumia miaka mingi kwenye shughuli. Nimeziacha. Ndani ya chakavu huingia mabaki ya kila namna, na risasi, ile metali yenye sumu, ikiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya aina hii kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na zaidi ya theluthi vilitoa risasi kwa kiwango cha hatari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kama unapikia watoto, nunua alumini ya kiwandani iliyo nene, au stenlesi.

Jambo la mwisho kuhusu gesi: upana wa sufuria uzidi upana wa moto. Miali ikipanda ubavuni, mtungi wako wa kilo 6 unapasha hewa ya jikoni.

Hatua ya 4: Chuma cha chapati, ambacho pia kitakuokolea wali

Nunua cha chuma kizito, bapa, kisichopakwa kitu. Vikaango vyenye utando wa kutogandisha vinafaa kwa mayai, lakini chapati inataka chuma kikavu chenye moto mkali, na utando ule huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Chuma kitupu juu ya moto mkubwa hufika huko kwa dakika chache.

Hiki chuma kina kazi ya pili. Waliotoka kwenye mkaa wote wananiuliza swali moja: nitapalia vipi wali kwenye gesi? Ule moto wa makaa juu ya mfuniko haupo. Nafanya hivi: maji yakikauka, nashusha sufuria, naweka chuma cha chapati juu ya jiko, narudisha sufuria juu yake, moto mdogo kabisa. Natandika kitambaa safi chenye unyevu chini ya mfuniko, ncha zake nimezikunja juu mbali na moto. Dakika 15 hadi 20. Chuma kinatapanya joto lile kali la katikati, na wali unaiva hadi pembeni bila ukoko mweusi. Mpwa wangu aliponiona nafanya hivyo alisema angejua mapema asingetupa vilo vya mchele mwaka mzima.

Kabla ya kukitumia, kikomaze. Kioshe, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta membamba kote, kisha yafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kiache juu ya moto mpaka kiache kutoa moshi. Kipoe. Rudia mara tatu. Baada ya hapo usikiloweke kwenye maji.

Kwa samaki na maandazi, karai moja lenye kina linatosha. Walio Nairobi wataweza kulichagua Kamukunji mbele ya fundi anayelifua.

Hatua ya 5: Kisu

Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kisu.

Chagua chenye bapa la sentimita 18 hadi 20 kwa nyama, kabichi na vitunguu, na kidogo cha kumenyea. Tazama mpini kwa ubavu: chuma kipite ndani yake hadi mwisho, kimeshikwa kwa ribiti. Visu vingi vya rangi rangi vina kijiti kifupi tu ndani ya plastiki, na siku ya kukata kiungo cha nyama mpini unabaki mkononi na bapa linakwenda lilikotaka. Hivyo ndivyo nilivyopata kovu la kidole changu cha shahada, jikoni kwa watu, asubuhi ya harusi.

Nunua na kinoo siku hiyohiyo. Kama ni cha maji, kiloweke dakika 10, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Laza kisu, inua mgongo wake kidogo tu, kama unene wa kalamu kwa kisu kikubwa, na usukume makali mbele kana kwamba unakata kipande chembamba cha jiwe. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Jaribu kwenye nyanya. Kikiteleza juu ya ganda, rudia. Ukikosa kinoo, chini ya kikombe cha udongo wa kauri kuna duara lisilo na rangi, kwaruza makali ya kisu hapo taratibu.

Ubao uwe wa mbao, na ziwe mbili: moja ya nyama na samaki, nyingine ya mboga na matunda. Kioo na marumaru huua makali kwa wiki moja.

Hatua ya 6: Mbuzi na tui

Blenda inatoa tui, sina ugomvi nayo, lakini umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni utaitafuta mbuzi. Kabla ya kununua, ikalie palepale dukani. Kweli, ikalie. Miguu isitikisike na kiti kisibane. Kisha shika chuma chake, kichezeshe: kikitikisika leo, baada ya nazi ishirini kitakuwa kimelegea. Meno yawe madogo, yamechongwa sawa. Meno makubwa huchimba vipande, na kipande kinene kinabaki na tui lake ndani hata ukamue vipi.

Kifumbu cha ukili, kile kikapu kidogo cha kukamulia tui, bado ndicho kinachokamua vizuri kuliko vyote, ila lazima kikauke juani kila baada ya kazi, la sivyo kinachacha. Kama huna jua wala nafasi, chukua chujio la stenlesi lenye wavu mdogo.

Hatua ya 7: Maharage na sufuria ya presha

Hii si lazima kwa kila mtu. Ni lazima kwa anayepika maharage mara mbili kwa wiki kwa gesi. Ndani yake maji hufika nyuzi 120 hivi badala ya 100, na maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa sehemu ndogo ya muda. Kwa ndugu wa Mbeya na Njombe faida ni kubwa zaidi: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au pungufu, ndiyo maana maharage yanawachelewesha kiasi kile. Kabla ya kulipa, hakikisha mpira wake wa akiba unapatikana. Usijaze maharage na maji kupita nusu, na tundu la kutolea mvuke litazame kwenye mwanga kila kabla ya kupika.

Hatua ya 8: Vidogo

Mwiko bapa wa ugali wenye urefu wa kutosha mkono usiungue, wa mti mgumu usiopakwa vanishi. Upawa mmoja. Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati. Kinu kidogo cha kitunguu saumu na tangawizi. Ungo, chujio la chai, beseni mbili, hotipoti moja au mbili. Chungu cha udongo kwa anayependa samaki wa ukwaju: kiloweke usiku mzima, kikauke, kisha pikia uji mwepesi kwa moto mdogo ili wanga uzibe vitundu vyake.

Hatua ya 9: Nunua kwa zamu

Mpwa wangu hakuwa na pesa ya vyote. Mwezi wa kwanza alinunua kisu, kinoo na ubao. Wa pili, sufuria ya sentimita 24. Wa tatu atanunua chuma cha chapati. Kwa sasa anatumia changu. Kila ukileta kipya, kitoe kimoja kwenye lile fungu la kuondoka. Hotipoti tano zilikwenda kwa jirani anayeanza kuuza vitafunwa asubuhi, na kwenye nafasi iliyobaki kabatini ndipo mbuzi itakapokaa.