Eco, Tour au Turbo? Namna ya kuchagua modi kwenye baiskeli ya mlima ya umeme

Kitufe cha modi, yaani cha kuchagua mota ikusaidie kiasi gani, kipo pale karibu na kidole gumba, kukibonyeza rahisi kabisa, na ndo maana watu wanakitumia vibaya. Mlima ukianza kuwa mkali mtu anapandisha modi mpaka juu huku bado yuko kwenye gia nzito, miguu inazunguka polepole, mota inanguruma, cheni inalia, tairi la nyuma linachimba vumbi, halafu anasema hizi baiskeli hazina nguvu. Nguvu ipo. Ukishika jambo moja tu kwenye maelezo haya shika hili: gia kwanza, modi baadaye.

Tuanze na maana ya hizo modi, maana ukielewa hesabu yake mengine yanakuja yenyewe. Mota za katikati, zile zinazokaa kwenye pedali kama Bosch, Shimano na Specialized, zina sensa inayopima unavyokanyaga, kisha zinaongeza juu ya nguvu yako. Kwenye mota ya Bosch Performance Line CX ile ya Nm 85 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), Eco inaongeza mpaka asilimia 60, Tour asilimia 140, Turbo asilimia 340, na ile inayoitwa eMTB inacheza yenyewe kati ya 140 na 340 kufuatana na unavyokanyaga. Shimano wao wana Eco, Trail na Boost, Specialized wana Eco, Trail na Turbo, majina tofauti lakini wazo ni lile lile. Kwa hiyo wewe ukitoa wati 100, ambazo mtu wa kawaida mwenye mazoezi anaweza kuzitoa kwa saa nzima, kwenye Eco zinaingia 160 kwenye cheni, kwenye Tour 240, kwenye Turbo 440. Usipokanyaga hupati kitu, hii sio bodaboda.

Sasa chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, wengi tunaijua, kama kilometa 33 na unapanda karibu mita 1000. Tuseme wewe, baiskeli (nyingi zina kilo 22 mpaka 25) na begi mko kilo 110 jumla. Kuunyanyua huo mzigo mita 1000 kunahitaji kama wati-saa 300 (wati-saa ni wati moja ikitumika kwa saa moja, ndo kipimo cha betri), hiyo ni fizikia tu, haibadiliki uende haraka au taratibu. Kinachobadilika ni nani analipa. Ukipanda yote kwa Eco mota inalipa kama 112 na wewe unalipa zilizobaki, kwa Tour mota inalipa 175, kwa Turbo inalipa 232, na hapo bado hujahesabu msuguano wa matairi na umeme unaopotea kama joto ndani ya mota, kwa hiyo betri inatoa zaidi ya hapo. Betri ya wati-saa 625 itakufikisha Lushoto hata kwa Turbo, lakini ukitaka kuendelea Irente, au kuzunguka msitu wa Magamba kwa njia za udongo, ndo utaiona tofauti. Na usitegemee mteremko ukurudishie chaji, mota hizi za katikati hazichaji betri wakati wa kushuka, ukiacha kukanyaga gurudumu linazunguka peke yake na mota haihusiki.

Je mtu aende Eco njia nzima? Mi nasema hapana. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8, kwa mzigo ule ule na wati zako 100, Eco inakupa kama kilometa 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na kwenye mwendo huo baiskeli inayumba na lori la kabichi linakuja nyuma yako kwenye kona. Tour inakupa karibu 9, Turbo kama 16. Kwa hiyo kutoka Mombo mpaka Soni, kule kwenye kona nyingi na joto, Tour ndo ya kukaa nayo. Eco iweke kwenye tambarare na sehemu zenye mwinuko mdogo. Turbo ni ya vipande vifupi, kupita sehemu mbaya haraka au pale miguu imekataa kabisa. Na kitu kimoja wengi hawakitegemei, baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya mota inaacha kusaidia ukifika kilometa 25 kwa saa, zile za Marekani nyingi ni 32, kwa hiyo kwenye tambarare Turbo haikufanyi uwe na kasi kuliko Tour, mnagonga ukuta ule ule, tofauti ni kwamba wa Turbo kamaliza betri mapema.

Turudi kwenye gia maana hapo ndo penye utamu. Mota hizi zinafanya kazi vizuri miguu ikizunguka mara 70 mpaka 90 kwa dakika. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 15, ukipata 18 mpaka 22 uko sawa. Ukiwa chini sana ya hapo mota inahangaika, inapata joto, na ikipata joto sana inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue, na wewe unadhani betri imeisha. Kwa hiyo ukiona mlima mbele, shusha gia KABLA hujaufikia, miguu iwe myepesi, halafu sikilizia. Kama bado pumzi inakata ndo unapandisha modi hatua moja. Sio mbili. Na unapobadilisha gia legeza mguu kidogo kwa nusu mzunguko, kwa sababu kubadilisha ukiwa Turbo umekanyaga kwa nguvu zote ndo kunakata cheni na kula meno ya gia za nyuma, na spea zake huku kwetu kuzipata ni kazi na bei inauma.

Njia za udongo ni habari nyingine. Hapa modi unaichagua kwa kuangalia tairi la nyuma linashika vipi, pumzi inafuata baadaye. Udongo mwekundu wa Usambara ukinyeshewa unateleza kama sabuni, na Turbo inamwaga nguvu yote kwa ghafla, tairi linazunguka bure, unabaki umesimama. Shuka Tour au hata Eco, kaa mbele ya kiti, kifua kishuke karibu na usukani, kanyaga kwa utaratibu usiotikisika. Kwenye mawe na mizizi eMTB ni nzuri sana kama baiskeli yako inayo, unakanyaga kidogo inakupa kidogo, unakanyaga sana inakupa sana, huna haja ya kuhangaika na kitufe wakati mikono ina kazi ya kushika breki. Kona kali ya kupanda, shuka modi kabla ya kuingia. Njia nyembamba ambayo akina mama wanashuka na kuni au mboga kichwani, Eco, kengele, salamu, unapita taratibu, njia ni yao kwanza.

Kuanza kutoka kusimama mlimani kunawaangusha wengi. Sensa haijui kama umekusudia, ukiweka tu uzito wa mguu kwenye pedali wakati uko Turbo baiskeli inaruka mbele. Kwa hiyo ukisimama shika breki, shusha modi mpaka Eco au Tour, hakikisha gia ni nyepesi, pedali moja iwe juu mbele kidogo, achia breki huku unakanyaga. Ikishindikana kabisa shuka, tumia ile modi ya kusukuma, baiskeli inatembea yenyewe pembeni yako, kwa zile za Ulaya mpaka kilometa 6 kwa saa, hakuna aibu kabisa hapo, kilo 24 kuzisukuma mlimani kwa mikono ni adhabu.

Kushuka weka Eco au zima kabisa, usije ukagusa pedali katikati ya kona ukasukumwa usikotaka.

Halafu kuna app, Bosch wana eBike Flow, Shimano wana E-TUBE, unaweza kupunguza au kuongeza nguvu za modi kwenye mifumo inayoruhusu. Usiziguse siku ya kwanza. Panda kwanza na zilivyotoka kiwandani, uone unakaa wapi muda mwingi. Kama kila mara unaona Tour ndogo na Turbo kubwa mno, punguza Turbo, ndo marekebisho ninayowashauri watu kabla ya mengine yote, maana unapata modi ya juu unayoweza kuitumia kwenye udongo bila tairi kuchimba, na betri inakaa zaidi.